Maadili ya Mawasiliano Mitandaoni na Mfano wa Viongozi: Kijitabu kwa Wakazi wa Tetu

1. Maana yake

Maadili ya mawasiliano ni kanuni zinazomwongoza mtu katika anachosema, anachoandika na anachosambaza: kusema kweli, kuheshimu utu wa wengine, kutunza siri zao na kuwajibikia kauli yake. Kanuni hizi ndizo zilizotumika tangu zamani kanisani, sokoni na katika baraza la chifu. Kilichobadilika ni mwendo wa neno. Kauli iliyotolewa mbele ya waombolezaji wachache Ihururu au Wamagana hurekodiwa kwa simu, na kabla ya jua kutua imesikika Kisumu, Mombasa na ng'ambo.

2. Uzito wa neno la kiongozi

Raila Odinga, Waziri Mkuu wa zamani wa Kenya, alifariki nchini India tarehe 15 Oktoba 2025. Siku chache baadaye, Gavana wa Nyeri, Mutahi Kahiga, alizungumza kwa Kikuyu katika mazishi ndani ya kaunti. Matamshi yake kuhusu kifo hicho, ambayo wengi waliyaelewa kuwa ya kukifurahia, yalisambaa kwa video na kuzua hasira nchi nzima. Kahiga aliomba radhi na kujiuzulu wadhifa wa naibu mwenyekiti wa Baraza la Magavana.

Tukio hilo linafundisha mambo mawili. Kwanza, lugha ya mama haimfichi msemaji, kwa maana tafsiri hupatikana papo hapo. Pili, kosa la hadharani hurekebishwa hadharani, na wadhifa ukiwa mkubwa, gharama yake nayo huwa kubwa.

Kiongozi pia huwawekea wafuasi wake kipimo. Akimtukana mpinzani jukwaani, mfuasi huliona tusi hilo kama ruhusa, akaliandika kwenye Facebook na kuliongezea chumvi. Akijibu hoja kwa hoja, wafuasi nao hujifunza kubishana bila kuchafuana.

3. Mfano kutoka Tetu

Mwaka 1989, ulipotangazwa mpango wa kujenga jumba la orofa 60 katika bustani ya Uhuru, Nairobi, Wangari Maathai, mzaliwa wa Ihithe, aliupinga kwa barua zenye hoja kwa ofisi za serikali na mashirika ya kimataifa. Bungeni, baadhi ya wabunge waliiacha hoja wakamwandama yeye mwenyewe, wakimkejeli kwa kuwa mwanamke aliyeachana na mumewe. Maathai hakuiacha hoja yake. Aliendelea kuuliza faida ya jumba hilo na hasara ya kuipoteza bustani, na hatimaye mradi ukaachwa. Wakazi wa Tetu walimchagua kuwa mbunge mwaka 2002, na mwaka 2004 akatunukiwa Tuzo ya Nobel ya Amani. Ukali wa hoja, kwa hiyo, hauhitaji matusi.

4. Sheria inavyosema

Kifungu cha 33 cha Katiba ya 2010 kinalinda uhuru wa kujieleza, lakini hakilindi uchochezi wa vurugu wala matamshi ya chuki, na kinamtaka kila mtu aheshimu haki na sifa za wengine. Sheria ya Uwiano na Utangamano ya 2008 inaweka adhabu ya faini isiyozidi shilingi milioni 1, kifungo kisichozidi miaka 3, au vyote viwili, kwa matamshi ya chuki ya kikabila. Sheria hiyo ilitungwa baada ya ghasia za uchaguzi wa 2007, zilizoua zaidi ya watu 1,100. Tume ya Waki iliyochunguza ghasia hizo ilitaja mchango wa jumbe fupi za simu na baadhi ya redio za lugha za mama katika kueneza chuki.

Kwa viongozi kuna mzigo wa ziada. Sura ya Sita ya Katiba inasema mamlaka yao ni dhamana ya umma, na inawataka wasiaibishe ofisi zao, hadharani wala faraghani.

Kumkosoa kiongozi si kosa. Kuhoji matumizi ya hazina ya eneobunge au barabara iliyoachwa nusu ni haki ya mwananchi.

5. Katika kikundi cha WhatsApp

Mfano wa kawaida ni kikundi cha kamati ya mazishi. Kati ya orodha ya michango ya M-Pesa, mtu hutuma video ya mwanasiasa yenye maneno ya kuchochea. Juu yake kuna alama kwamba imesambazwa mara nyingi, maana yake imepita mikono mingi na aliyeituma huenda hajui ilikotoka. Mwanachama mwadilifu:

- hutafuta chanzo na tarehe kabla ya kusambaza;
- huizuia video iliyokatwa katikati ya sentensi;
- hasambazi picha za majeruhi wa ajali, kwani jamaa zao huenda hawajaarifiwa;
- husahihisha uongo aliousambaza, palepale alipousambaza.

Msimamizi wa kikundi huweka kanuni mapema na kuzitekeleza kwa wote, hata kwa mwanachama mwenye cheo.

6. Pa kupeleka malalamiko

Matamshi ya chuki huripotiwa kwa Tume ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa (NCIC). Vitisho na unyanyasaji mtandaoni, kwa polisi. Mwenendo wa afisa wa umma, kwa Tume ya Maadili na Kupambana na Ufisadi (EACC). Na matumizi mabaya ya taarifa za kibinafsi, kwa Kamishna wa Ulinzi wa Data. Mlalamishi huhifadhi picha ya skrini yenye tarehe na jina la akaunti, akaikabidhi kwa wahusika bila kuisambaza.