Mhudumu wa Afya Naye Huchoka
Mwongozo kwa wahudumu wa afya, familia, majirani na wasimamizi: Nyayo Highrise, Kibera na Kawangware

Kwa nini kijitabu hiki?

Tarehe 13 Machi 2020, Waziri wa Afya Mutahi Kagwe alitangaza kisa cha kwanza cha korona nchini Kenya. Wiki mbili baadaye kafyu ilianza, na haikuondolewa hadi tarehe 20 Oktoba 2021. Sisi wengine tulipohimizwa kukaa nyumbani, wahudumu wa afya walitakiwa kazini. Hospitali ya Mbagathi, ambayo mtu wa Nyayo Highrise huifikia kwa miguu, ilipokea wagonjwa wa korona tangu mapema.

Gharama ya kazi hiyo ilikuwa kubwa. Julai 2020 alifariki Dkt. Doreen Lugaliki, daktari wa kwanza nchini kuuawa na korona. Desemba akafuata Dkt. Stephen Mogusu, kijana wa miaka 28 aliyewahudumia wagonjwa wa korona Machakos. Mwezi huo huo wauguzi, matabibu na madaktari waligoma wakidai vifaa vya kujikinga, bima na wafanyakazi zaidi.

Korona ilipopungua, wengi walirudi wadini bila kupumzika wala kuulizwa hali zao.

Uchovu sugu wa kazi ni nini?

Kuchoka baada ya zamu ndefu ni kawaida. Ukilala vizuri, unaamka na nguvu. Uchovu sugu hauondoki kwa usingizi wa usiku mmoja. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani liliueleza kuwa hali inayoletwa na msongo wa kazi wa muda mrefu usioshughulikiwa. Dalili zake kuu ni tatu:

• Kuishiwa nguvu za mwili na akili.
• Kuichukia kazi au kujitenga nayo. Muuguzi aliyewajua wagonjwa kwa majina sasa anawataja kwa namba za vitanda.
• Kuona kwamba juhudi zako hazisaidii kitu.

Shirika hilo halikuiita hali hii ugonjwa. Liliihusisha na kazi. Kwa hiyo kumwambia mhudumu "jikaze" hakumsaidii. Kinachomchosha ni zamu zisizo na mapumziko, upungufu wa watu na vifaa, mshahara unaochelewa na vifo vinavyofuatana bila nafasi ya kuomboleza.

Uchovu sugu unaonekanaje nyumbani?

Wakati wa korona, muuguzi alirudi jioni akavua viatu nje ya mlango, akaloweka nguo kwenye ndoo ya maji ya sabuni na kuoga kabla ya kumgusa mtoto. Maji yenyewe mara nyingi yalikuwa ya kununua kwa mtungi. Chakula kikaandaliwa, akala vijiko viwili. Usiku akashtuka akidhani mashine ya wadini inalia. Asubuhi akaenda tena.

Kukosa hamu ya chakula na usingizi kama huko kukiendelea kwa wiki kadhaa, usikupuuze. Angalia pia hasira za ghafla, kichwa kuuma kila mara, kunywa pombe kuliko kawaida na kuwakwepa watu.

Wewe mhudumu, fanya nini?

• Mweleze mwenzako unayemwamini, kisha msimamizi wako, mapema.
• Chukua likizo yako. Sheria ya Ajira ya 2007 inakupa angalau siku 21 za kazi kwa mwaka na siku moja ya kupumzika kila wiki.
• Baada ya kifo kigumu wadini, ketini mzungumze kama kikundi, hata kwa dakika kumi.
• Ukihisi huna haja ya kuishi, usikae peke yako. Piga simu 1199, Shirika la Msalaba Mwekundu Kenya, au nenda hospitali iliyo karibu mara moja.

Familia na majirani

Waswahili husema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Ni rahisi kuuona mwepesi mzigo ambao hujaubeba. Wakati wa korona wapo wahudumu waliokwepwa kwenye ngazi za ploti. Tusirudie hayo mlipuko mwingine ukija.

• Mwache alale mchana anapotoka zamu ya usiku. Punguzeni sauti ya redio.
• Msaidie kupika, kuteka maji na kuwaangalia watoto.
• Mhudumu wa afya ya jamii anaishi mtaa mmoja nawe. Usimgongee mlango usiku kwa jambo linaloweza kungoja asubuhi.
• Msikilize bila kumhukumu.

Wasimamizi na waajiri

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inamtaka mwajiri kulinda afya ya wafanyakazi wake. Pangeni zamu zenye mapumziko ya kweli. Lipeni mishahara kwa wakati. Hakikisheni barakoa na glavu zipo kabla ya mlipuko kuanza. Wekeni mshauri nasaha ambaye mhudumu anaweza kumwona kwa siri, bila kuogopa kupoteza kazi.

Neno kwa msomaji

Mhudumu aliyechoka kupita kiasi anaweza kukosea dozi au kuacha kazi kabisa, na atakayeumia ni mgonjwa. Leo, mtafute mhudumu mmoja unayemfahamu, umuulize hali yake, kisha umsikilize mpaka amalize.