Kujenga Diorama ya Kagera kwa Mabaki ya Modeli

Mwongozo huu unajenga diorama moja tu: kando ya barabara ya Kyaka, Novemba 1978, wakati wa Vita ya Kagera, majeshi ya Idi Amin wa Uganda yakiwa yamelipua daraja la mto Kagera na JWTZ, jeshi la Tanzania, halijavuka kwenda kaskazini. Hakuna kifaru wala gari. Kuna shehena inayosubiri kuvushwa, na mlinzi mmoja. *Mabaki* ni vipande vya plastiki vilivyosalia kwenye fremu baada ya modeli kukamilika. *Jukwaa* ni ubao unaobeba diorama yote. *Skeli* ni 1:35, yaani sentimita 1 ya jukwaa ni sentimita 35 za kweli.

Andaa kwanza: plaiwudi ya sm 20 kwa sm 15, rula ya milimita, kisu chembamba, kibano, msasa namba 400, supa gluu, gundi nyeupe ya seremala, brashi namba 0 na namba 2, chujio la chai.

1. Pima mabaki yote kabla ya kukata chochote. Anza na dumu la chuma la lita 20. Dumu la kweli lina kimo cha sm 47 hivi, kwa hiyo lako liwe mm 13. Likiwa mm 10, ni la skeli ya 1:48. Likiwa mm 6 au 7, ni la 1:72. Lolote kati ya hayo mawili liondoe mezani. Pipa la lita 200 liwe na kimo cha mm 25, SMG (bunduki ya aina ya AK-47) iwe na urefu wa mm 25, na askari aliyesimama awe mm 50. Usikadirie kwa macho: mm 3 hapa ni zaidi ya sm 10 kule Kyaka.

2. Chambua kwa historia yale yaliyofaulu vipimo. Madumu ya chuma yanapita. Wajerumani waliyabuni kabla ya Vita Kuu ya Pili, Waingereza na Wamarekani wakayaiga, yakaenea majeshini kote. Hivyo fremu ya kifaru cha Kijerumani inaweza kukupa dumu halali la Kagera. Kofia ya chuma ya Kijerumani haipiti hata kidogo. Kata shingoni kichwa cha askari kilichoivaa, bandika chenye kofia ya kitambaa. Hakiki bunduki: magazini ya SMG imepinda kuelekea mbele. Iliyonyooka irudi kwenye kopo la mabaki.

3. Andika herufi K chini ya jukwaa, kwenye ukingo mmoja mrefu. K ni kaskazini, upande wa mto.

4. Chekecha mchanga kwa chujio la chai. Mchanga wa kawaida unafaa kwa chembe, ila rangi yake siyo ya Kagera. Saga tofali la kuchoma upate unga mwekundu. Changanya vijiko 4 vya mchanga, kijiko 1 cha unga wa tofali, vijiko 2 vya gundi nyeupe na kijiko 1 cha maji. Vijiko vyote viwe vya chakula.

5. Tandaza mchanganyiko kwa unene wa mm 3. Ukiwa bado mbichi, viringisha tairi la mabaki lenye kipenyo cha mm 23, ambacho ni kadiri ya tairi la Land Rover, uchore mikondo miwili sambamba. Acha kivulini saa 24. Wakati wa masika, saa 48. Bonyeza kwa ukucha: ukiacha alama, subiri tena.

6. Paka rangi vipande vikiwa bado nje ya jukwaa: kijani cha jeshi kwa madumu na sare, kahawia kwa masanduku. Sugua kingo za madumu kwa msasa, mpigo mmoja tu.

7. Bandika kwa supa gluu, vizito kwanza: mapipa, masanduku, madumu, mwisho askari. Uso wake uelekee K. Geuza jukwaa uhakikishe herufi kabla hujatia tone la mwisho.

8. Kata nyuzi za makumbi ya nazi ziwe mm 10 hadi 15, uzipande kama nyasi kwa kibano pembeni, kamwe si ndani ya mikondo ya matairi.

9. Kagua ukiwa umeshusha jicho hadi mm 45 juu ya jukwaa, usawa wa macho ya askari. Gundi inayong'aa ipakwe vanishi isiyong'aa. Dumu lisilogusa ardhi ling'oe, kwangua gundi ya zamani, libandike upya.