Shemeji Anauza Shamba, Wakili Sina

Swali: Mume wangu alifariki bila wosia. Shemeji anatafuta mnunuzi wa shamba letu hapa Werugha, na hati bado ina jina la marehemu. Ninauza mboga, wakili simwezi. Nifanyeje?

Jibu: Pole kwa msiba, mama. Shemeji hana cha kuuza. Kwa Sheria ya Urithi, shamba la marehemu haliuzwi kabla mahakama haijatoa na kuthibitisha hati ya usimamizi wa mirathi, na anayeingilia mali hiyo anatenda kosa la jinai. Zaidi ya hayo, mjane ndiye hutangulizwa kuomba usimamizi, si ndugu wa mume.

Haraka kwanza: nenda ofisi ya ardhi uombe tahadhari iwekwe kwenye rejista, mnunuzi asije akapewa hati. Kisha mwombe chifu barua inayowataja warithi wote. Usimwache nje mtoto yeyote, hata yule wa nje ya ndoa. Kesi nyingi huharibikia hapo.

Kuhusu wakili, Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2016 iliunda huduma ya taifa ya kuwasaidia wasio na uwezo, na mashauri ya madai yamo. (Madeni na kashfa hayamo.) Ulizia kwenye masijala ya Mahakama ya Wundanyi. FIDA Kenya, inayowatetea wanawake, na Kituo cha Sheria wana ofisi Mombasa; piga simu kabla ya kutumia nauli.

Beba cheti cha kifo, kitambulisho, nakala ya hati na ushahidi wa ndoa. Anayekudai "pesa ya kufungua faili" mkononi, mdai risiti ya mahakama.