Jua Linapopatwa Mchana

Jumatatu, tarehe 2 Agosti mwaka 2027, jua litapatwa. Watu wa Luxor katika nchi ya Misri wataingia gizani mchana kwa zaidi ya dakika 6. Sisi huku Kenya tutaona jua limeliwa upande mmoja tu, kama chapati iliyomegwa. Lakini kumegwa huko ndiko kunakoharibu macho ya watu. Kwa hiyo soma habari hii, kisha uwasomee watoto wako, hasa wale wanaochunga ng'ombe.

Kwanza ufahamu linalotendeka. Kila mwezi, kabla mwezi mpya haujaandama, mwezi huwa upande mmoja na jua. Mara nyingi hupita juu yake au chini yake, kwa maana njia ya mwezi imeinama kidogo. Lakini mara nyingine hupita sawasawa kati yetu na jua, na kivuli chake kikaanguka juu ya nchi. Utauliza, mwezi ni mdogo, waweza kufunikaje jua? Jua ni pana kuliko mwezi mara 400 hivi, lakini pia liko mbali kuliko mwezi mara 400 hivi. Weka kidole gumba mbele ya jicho lako, utaona kinaficha tangi la maji lililo ng'ambo ya shamba.

Kivuli hicho ni chembamba, kwa kawaida hakifiki upana wa kilomita 300. Tarehe 30 Juni 1973 kilipita kaskazini mwa Kenya, penye Ziwa Turkana, ambalo wakati ule liliitwa Ziwa Rudolf. Siku hiyohiyo wataalamu walipanda ndege ya Concorde wakafuatana na kivuli juu ya Sahara kwa dakika 74. Aliyesimama chini hakupata hata dakika 8! Tarehe 3 Novemba 2013 kivuli kilifika tena Turkana, jua likikaribia kutua, kikakaa sekunde chache tu.

Mtu aliye ndani ya kivuli huona hivi. Mwezi hula jua polepole kwa muda wa saa moja na zaidi, na kwa sehemu kubwa ya muda huo mtu anayepalilia hawezi kutambua lolote. Robo saa ya mwisho mwanga hugeuka, ukawa kama rangi ya bati. Hewa hupoa. Kuku huanza kutafuta pa kulala. Hubaki nukta moja ya mwanga, kama kito katika pete, nayo ikazimika. Hapo Zuhura huonekana mchana, na pande zote, mbali, mbingu huwa nyekundu kama alfajiri. Mahali pa jua pana duara jeusi lenye nywele nyeupe za mwanga. Nywele hizo ni hewa ya jua lenyewe. Ziko siku zote, ila ukali wa jua huzificha.

Wafugaji wa nyuki watapenda kujua jambo moja. Jua lilipopatwa Marekani tarehe 21 Agosti 2017, wataalamu na watoto wa shule waliweka vinasa sauti penye maua. Nyuki waliendelea kuvuma mpaka giza lenyewe, kisha wakanyamaza karibu wote. Mwanga uliporudi, wakarudi kazini.

Huku kwetu nyuki hawatanyamaza. Usibadili saa za kukama. Mahindi yatapungukiwa mwanga kama yanavyopungukiwa wingu linapopita, na chakula kilichopikwa saa hiyo hakina sumu. Pampu ya sola huenda ikapunguza nguvu kidogo.

Macho ndiyo yenye hatari. Nyuma ya jicho hakuna maumivu: mtoto ataunguzwa bila kusikia lolote, na pengine kesho yake ndipo aone doa katikati ya kila anachotazama. Doa hilo laweza kubaki maisha yake yote. Miwani ya jua ya kawaida haifai. Kioo kilichopakwa masizi hakifai, wala picha ya eksirei. Kutazama jua ndani ya karai la maji, ambako wazee wengi wamekuzoea, hakufai vilevile. Kinachofaa ni miwani maalum yenye alama ISO 12312-2, isiyo na mikwaruzo, au kioo cha fundi wa kuchomea vyuma, namba 14. Kioo cha namba ndogo kuliko hiyo mrudishie fundi wako.

Asiye na vitu hivyo asikose kuona. Toboa kipande cha boksi kwa sindano, lipe jua mgongo, uache mwanga upite katika tundu uangukie karatasi nyeupe. Hapo utaona jua dogo lililomegwa. Au tazama chini ya mti wenye majani mengi: kila nafasi kati ya majani hufanya kazi ya tundu hilo, na mchanga wote hujaa vijua vidogo vyenye umbo la mwezi mchanga.