Ngome ya Tarakilishi: Somo kwa Wenye Biashara Ndogo

Chama chetu kimeniomba niandike juu ya jambo la kisayansi kwa Kiswahili, labda ili tuwanyamazishe wale wanaodai kwamba lugha yetu inaishia kwenye ngano na mashairi. Nimechagua ngome ya tarakilishi, yaani kile kifaa au programu inayokaa kati ya tarakilishi na intaneti na kuamua kipi kiingie na kipi kitoke. Hapa Loresho, kuanzia Waiyaki Way mpaka Lower Kabete Road, kuna biashara nyingi zenye tarakilishi moja au mbili: duka la dawa, ofisi ya kupiga chapa, fundi wa simu, mwuza vipuri. Ukiwauliza wenyewe kuhusu ngome watakwambia hayo ni mambo ya benki.

Tuanze na jina. Wazungu walilitoa neno lao kwa waashi, ambao hujenga ukuta mnene kati ya jengo na jengo ili moto ukizuka huku usivuke kule. Kwetu wengine wamelifasiri "ukuta wa moto". Mimi silipendi, maana msikilizaji huona ukuta unaowaka. "Kinga-moto" ni afadhali. Nimeshika "ngome" kwa sababu ngome ina lango, na lango ndilo jambo lenyewe. Ukuta usio na lango ni rahisi mno: chomoa waya wa intaneti, basi, umemaliza. Lakini Juni ikifika utafaili vipi ritani za KRA?

Sasa tazama geti la mtaa wowote wa hapa kwetu. Kuna askari na kuna kitabu. Mgeni akija huulizwa jina, anatoka wapi, anakwenda nyumba gani. Ngome hufanya vivyo hivyo. Habari zote za intaneti husafiri zikiwa zimekatwakatwa katika vipande viitwavyo pakiti, na kila pakiti ina maandishi juu yake kama bahasha: anwani ya aliyeituma, anwani ya inakokwenda, na namba ya mlango. Tarakilishi moja ina milango 65,535, kila mmoja na namba yake. Kurasa za wavuti zilizofungwa kwa siri hutumia mlango 443. Kugawana mafaili na printa ofisini ni 445. Kuendesha tarakilishi ya Windows ukiwa mbali ni 3389. Askari husoma bahasha, hutazama orodha ya amri zake kutoka juu kwenda chini, kisha huruhusu au hukataa.

Ngome za mwanzo zilikuwa na askari msahaulifu. Kila bahasha aliitazama peke yake, kama kwamba hajawahi kuona nyingine. Za baadaye, kuanzia miaka ya 1990, zilipewa kumbukumbu. Tuseme mama wa nyumba namba 14 amepiga simu aletewe mtungi wa gesi na kumjulisha askari. Boda boda ikifika na mtungi inapita. Ikija nyingine ambayo hakuna aliyeiita, inarudishwa hata kama mtungi wake unang'aa zaidi. Ndiyo maana wewe unaweza kufungua ukurasa wowote na jibu likakufikia, hali mgeni wa nje asiyeitwa hawezi kuanzisha mazungumzo na tarakilishi yako.

Lakini amri iliyo muhimu kupita zote ni ile ya mwisho kwenye orodha: afanywe nini yule ambaye hakutajwa popote? Ikiwa amri ya mwisho ni "apite", basi hata ukiandika amri mia moja za kukataza, adui atakuja kwa jina la mia na moja. Ikiwa ni "asipite", unaweza kuwa na amri tatu tu na ukalala. Wenye duka wengi niliozungumza nao hudhani ngome nzuri ni ile ya bei ghali. Mimi nasema tazama mstari wa mwisho kwanza.

Historia inaniunga mkono. Tarehe 2 Novemba 1988, programu ya mwanafunzi mmoja wa Marekani aitwaye Robert Morris ilijisambaza yenyewe ikalemaza tarakilishi zinazokadiriwa kufika 6,000, wakati ambapo intaneti nzima ilikuwa na kama 60,000. Watu wakaanza kufikiria malango kwa dhati. Lakini kisa ninachokipenda ni cha Windows XP, iliyotoka mwaka 2001 ikiwa na ngome ndani yake. Ngome ilikuwapo, ila kwa kawaida ilikuwa imezimwa! Agosti 2003 mnyoo uitwao Blaster ukaingia kwa mlango 135 ukazizimazima tarakilishi ovyo duniani kote. Mwaka mmoja baadaye, Agosti 2004, Microsoft ikatoa nyongeza iliyoiwasha ngome ile kwa kila mtu bila kumngoja aulize. Askari alikuwa ameajiriwa siku zote, kumbe hakuna aliyemwambia ashike zamu.

"Lakini nani anitake mimi?" Hilo ndilo swali nililoulizwa na mjomba wangu, ambaye ana ofisi ndogo ya kupiga chapa, kutoa kopi na kuwasaidia watu na eCitizen na iTax. "Mwanangu, mimi nauza kopi. Mwizi wa intaneti ataniibia nini, wino?"

Mjomba anadhani mwizi huchagua nyumba. Hachagui. Anwani za mtindo wa zamani wa intaneti ni takribani bilioni 4.3 kwa jumla. Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan walitoa programu iitwayo ZMap, wakaonyesha kwamba tarakilishi moja yenye mtandao wa kasi inaweza kubisha mlango mmoja wa kila anwani duniani kwa muda usiofika dakika 45. Loresho imo ndani ya hizo dakika 45. Zamani za kupiga simu ili uingie kwenye intaneti, tarakilishi ilikuwa nje kwa dakika chache kisha inarudi ndani. Tangu nyaya za baharini zifike Mombasa mwaka 2009 na intaneti ya bei nafuu kutufuata mpaka majumbani, duka linakaa wazi usiku na mchana hata kama mlango wa chuma umefungwa kwa kufuli mbili.

Kwa hiyo sikubishana naye. Nilimwomba ruhusa tufungue daftari la matukio la Windows, ambamo kila jaribio la kuingia lililoshindwa huandikwa kwa namba 4625. Tulikuta ukurasa baada ya ukurasa. Saa nane za usiku, saa tisa, sekunde chache kati ya jaribio na jaribio, mtu au tuseme mashine ikijaribu jina "admin", kisha "Administrator", kisha "user". Mjomba alinyamaza akavuta kiti. Fundi aliyemwekea mitambo alikuwa ameufungua mlango 3389 kwenye ruta ili mjomba aweze kufanya kazi akiwa nyumbani, na mlango huo ulikuwa wazi kwa dunia nzima. Neno la siri peke yake ndilo lililokuwa limesimama kati ya hao wageni na folda yenye kopi za vitambulisho na PIN za wateja wake, wengine wakiwa walimu na majirani zetu.

Na si wizi tu. Mlango kama huo ni mmojawapo wa njia zinazopendwa na wanaotumia programu za kudai kikombozi, zile zinazofunga mafaili yote kisha kukudai pesa ndipo ufunguliwe. Hata wakubwa hupatwa: Aprili 2023 maduka ya Naivas yalitangaza kwamba yamevamiwa kwa programu ya namna hiyo. Duka kubwa lina wataalamu wa kuita. Ofisi ya mjomba ina mjomba. Tena kuna Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019, inayomtaka anayetunza habari za watu amjulishe Kamishna wa Data katika saa 72 tangu agundue kwamba zimevuja na kuna hatari ya kweli kwa wenyewe. Sheria haisemi kwamba mwenye kutoa kopi asamehewe.

Tulifanya nini? Tuliingia kwenye ruta, tukafuta ile amri ya 3389. Mjomba alilalamika, na alikuwa na haki, kwa kuwa kazi ya jioni ndiyo inayomlipia kodi. Baadaye fundi mwingine alimtengenezea njia iliyofungwa kwa ufunguo, ile mafundi waiitayo VPN, ambamo mtu huthibitishwa kwanza langoni kabla ya kuuona mlango wowote wa ndani. Tulibadilisha neno la siri la ruta yenyewe, kwa kuwa lile la kiwandani liliandikwa kwenye kibandiko mbele ya wateja. Ngome ya Windows tuliikuta imewashwa, tukaiacha hivyo. Wi-Fi ya wateja tukaitenga na ya ofisi, ili anayengoja kopi asikae chumba kimoja na tarakilishi ya kazi. Gharama ya ngome: sufuri. Vyote vilikuwa ndani ya vifaa alivyokwisha kununua. Alicholipa ni fundi.

Kuna yasiyo kazi ya ngome, na nisipoyataja nitakuwa nawadanganya. Julai 2023 eCitizen ilipozidiwa, washambuliaji hawakuvunja lango. Walituma umati wa maombi ya uongo mpaka wananchi wa kweli wakakosa pa kupita. Askari mmoja hawezi kufukuza umati uliojaza barabara nzima, na mjomba siku hizo alikaa tu akipiga soga. Pili, kikulacho ki nguoni mwako. Karani akifungua kiambatisho cha barua pepe kinachojiita "ankara", au mteja akichomeka flashi yenye virusi, adui amekwisha pita geti akiwa ameshikwa mkono na mwenyeji. Fort Jesus ilizingirwa na Waomani tangu Machi 1696 mpaka Desemba 1698, na kuta zake hazikuwasaidia walinzi dhidi ya maradhi yaliyowamaliza humo ndani. Kwa hilo dawa yake ni nakala ya akiba ya mafaili, iwekwe kwenye diski isiyoachwa imechomekwa.

Zoezi. Duka la dawa lina tarakilishi moja, printa moja na Wi-Fi ya wateja. Ngome yake ina amri ya mwisho "asipite". Pakiti nne zimefika: ya kwanza ni jibu la ukurasa wa KRA ambao mwenye duka ameufungua sasa hivi. Ya pili inatoka nchi ya mbali, inataka mlango 3389. Ya tatu inatoka kwenye simu ya mteja, inataka mlango 445 wa tarakilishi ya duka. Ya nne inatoka ndani ya tarakilishi yenyewe saa nane za usiku, inakwenda kwenye anwani ambayo duka halijawahi kuwasiliana nayo. Andika amri chache iwezekanavyo za kuamua kila moja, na ueleze kwa nini ile ya nne ni ngumu kuliko nyingine zote. Majibu yaletwe kwa mhariri kabla ya mkutano wa kwanza wa muhula ujao.