WAZEE WAWILI NYUMBANI, MAGARI MANGAPI?

Somo la mwezi huu limetokana na swali tuliloulizwa chini ya mti. Tulikuwa tumemaliza kufundisha kikundi kimoja namna ya kutunza hesabu za nyumbani: mayai yaliyouzwa, maziwa yaliyopelekwa, karo iliyolipwa. Watu walipoanza kutawanyika, mwalimu mkuu mmoja mstaafu alitufuata mpaka pale tulipoegesha pikipiki yetu. Akatuambia, "Nyinyi mnatufundisha kuhesabu kuku. Mimi nina magari mawili na sina pesa ya petroli. Hiyo nayo ni hesabu gani?"

Tulicheka, naye akacheka, lakini tuliona kwamba hakuwa anafanya mzaha.

Huenda wewe msomaji unasema, habari ya magari inatuhusu nini sisi wa ng'ombe mmoja? Ngoja kidogo. Katika kila kikundi chetu kuna mtu anayengoja pensheni, au aliye na mume, kaka au mtoto anayeingoja. Na hesabu tutakayoifanya hapa ni ile ile ya mashine ya kusaga, ya pampu ya maji, hata ya ng'ombe wa pili. Kitu kinachosimama kinakula, hata kama hakifanyi kazi.

Tuanze na pensheni yenyewe. Tangu mwaka 2009 mfanyakazi wa serikali anastaafu akiwa na miaka 60, si 55 kama zamani. Yule aliye katika mpango wa zamani anaweza kuchukua robo ya pensheni yake kwa mara moja, pesa nyingi kwa pamoja, na sehemu inayobaki inakuja kidogo kidogo kila mwezi. Hapo ndipo shida inapozaliwa. Mtu aliyelipwa mshahara wa mwezi kwa miaka 30 na zaidi hajawahi kushika pesa za namna hiyo kwa mkono mmoja. Na kijiji kizima kinajua zimeingia, hata kabla yake!

Mwalimu wetu alikuwa tayari na gari dogo la kubeba watu, alilolinunua akiwa kazini. Pesa za kustaafu zilipokuja alinunua pikapu kwa shilingi 800,000. Tulimuuliza kwa nini. Alituambia ni ya kubeba mazao ya shamba. Baadaye, tulipokunywa chai ya pili, akasema pia kwamba hakutaka watu waone amerudi nyumbani akiwa chini kuliko alipoondoka. Na mwisho akaongeza kwamba kijana wake wa pili alimwahidi kufanya biashara na hiyo pikapu. Sababu tatu, na ya kwanza ndiyo iliyokuwa nyepesi kuliko zote.

Mkewe alikuwa ameketi karibu na mlango akichagua maharagwe. Hakuwa amesema neno. Tulipomuuliza maoni yake alisema, "Mwalimu ndiye anajua mambo ya magari." Sisi tumefanya kazi hii miaka mingi na tunajua maana ya jibu kama hilo. Tukaacha.

Tuliwapa kazi moja tu. Wachukue daftari, wagawanye ukurasa mara nne: tarehe, gari lililotoka, limeenda wapi, limebeba nini. Waandike kwa siku 28. Wasibadilishe lolote kwa sababu yetu. Na tukaomba mama ndiye aandike. Mwalimu alishangaa kidogo, lakini alikubali.

Tuliporudi, daftari lilikuwa limejaa mwandiko mzuri. Gari dogo lilitoka siku 11: kanisani, sokoni, kliniki ya presha, matanga, na mara moja kumchukua mjukuu shuleni. Pikapu ilitoka siku 6. Mara mbili ilileta magunia mawili ya chakula cha ng'ombe, ambayo yangeingia katika gari dogo kwa kulaza kiti cha nyuma. Mara moja ilimpeleka Mwalimu benki peke yake, kwa sababu pikapu ilikuwa imeziba njia na hakutaka kuitoa ndio atoe gari dogo. Mara moja ilibeba viti na hema vya mazishi ya jirani. Siku mbili tu ndizo ilibeba mzigo wa kweli wa boma hilo: mbolea siku moja, mbao siku nyingine. Na siku ambazo magari yote mawili yalikuwa nje kwa wakati mmoja ilikuwa moja. Siku moja katika 28.

Sasa tukaanza hesabu. Bei tunazotumia hapa ni zile walizotupa wao wenyewe. Kwenu huenda zikawa tofauti, kwa hivyo msizikariri, fanyeni zenu. Bima ya pikapu kwa mwaka, 15,000. Ukaguzi na malipo mengine ambayo magari ya biashara hudaiwa, 8,000, maana pikapu huhesabiwa gari la biashara hata kama inabeba mbolea yako mwenyewe. Matairi manne 39,000, yanakaa miaka mitatu, kwa hivyo kila mwaka 13,000. Watu wengi husahau kwamba tairi huzeeka na kupasuka hata gari likisimama. Betri ya 14,000 kwa miaka miwili, basi 7,000 kwa mwaka. Sevisi mara mbili, 18,000. Fundi, wacha tuseme 25,000, na mwenye gari kuukuu atasema tumempendelea. Jumla ni shilingi 86,000 kabla ya kuweka petroli hata lita moja.

Mwalimu akasema, "Hiyo si mbaya sana."

Tukamwambia hatujamaliza. Pikapu aliinunua kwa 800,000 miaka minne iliyopita. Leo mnunuzi angempa ngapi? Akafikiri, akasema labda 560,000. Basi katika miaka minne shilingi 240,000 zimeyeyuka, yaani 60,000 kila mwaka, na hakuna risiti iliyoandikwa popote. Hii ndiyo gharama ambayo watu hawaioni kwa sababu haiji na mtu wa kudai. Ukiongeza kwa zile 86,000 unapata 146,000. Kila mwezi zaidi ya shilingi 12,000, zinatoka katika pensheni ya mtu asiyepata nyongeza ya mshahara tena.

Na kukodi pikapu pamoja na dereva na petroli yake? Huko kwao ni 3,500 kwa siku. Siku mbili kwa mwezi ni 7,000. Mwaka mzima 84,000. Ukilinganisha, pikapu ya kwao inawagharimu shilingi 62,000 zaidi, na bado petroli ni juu yao.

Mwalimu alikaa kimya. Ndipo mama aliweka maharagwe chini akasema jambo ambalo hatukulitarajia.

Alitukumbusha usiku mmoja wa mvua mwaka uliotangulia, Mwalimu alipozidiwa na presha. Magari mawili yalikuwa uani, moja nyuma ya lingine. Mama hajui kuendesha. Kijana hakuwako. Alipiga simu akampata mtu wa boda boda, wakampakia mgonjwa katikati, mama akakaa nyuma akimshikilia kwa kitenge, wakaenda hospitali kilomita tisa kwenye matope. "Nilipita karibu na hayo magari nikayaangalia," alisema. "Magari mawili, dereva mmoja, na dereva mwenyewe ndiye mgonjwa."

Wasomaji wetu, tunawaomba msipite hapo haraka. Tunapouliza wazee wawili wanahitaji magari mangapi, mara nyingi tunauliza swali la pili kabla ya lile la kwanza. La kwanza ni: nani katika boma hili anaweza kuendesha, mchana na usiku, na kwa miaka mingapi? Macho ya mtu wa miaka 70 si ya miaka 50. Mtoto wa jicho akianza, taa za gari linalokuja zinatapakaa mbele yako kama maziwa yaliyomwagika, na wengi huficha jambo hilo kwa aibu. Gari lenyewe pia linazeeka. Sheria yetu hairuhusu kuingiza nchini gari lililopita miaka minane, na hayo tunayonunua huwa karibu na mpaka huo. Nunua gari la miaka saba ukiwa na miaka 60. Ukifika 75 gari lina miaka 22. Mmoja wenu lazima amsukume mwenzake!

Kuna jambo lingine ambalo daftari halikulionyesha vizuri, nalo ni kugongewa mlango. Mwenye gari kijijini ndiye ambulensi. Mama mja mzito usiku, mtoto aliyeungua, maiti ya kuchukuliwa chumba cha wafu, yote ni yake. Mwalimu hakuwa anataka kukataa, na hatungemshauri akatae. Lakini alituambia kwamba katika miaka minne waliomrudishia petroli ni watu wawili tu. Wengine walileta kuku, wengine shukrani, wengi hawakuleta kitu. Kumbe sehemu kubwa ya pikapu hiyo ilikuwa ni harambee ya mtu mmoja!

Hapa lawama si yake, ni ya kikundi. Kama kijiji kinahitaji gari la dharura, kijiji kikae kikubaliane. Kikundi kimoja tunachokijua kina kisanduku cha petroli: kila mwanachama shilingi 20 kwa mkutano, pesa hizo haziguswi kwa jambo lingine, na anayempeleka mgonjwa anajaziwa tangi lake kesho yake. Lakini muwe waangalifu na sheria. Bima ya gari la binafsi haihusu kubeba abiria wanaolipa nauli. Ajali ikitokea na ionekane mlikuwa mnatoza nauli, kampuni ya bima inaweza kukataa na mzigo wote ukamwangukia mwenye gari. Kabla ya kupitisha azimio lolote, mwenye gari aulize kampuni yake mpango wenu unaruhusiwaje, na ajibiwe kwa maandishi.

Na ile biashara ya kijana? Alitaka kulibadilisha liwe la abiria. Siku hizi huwezi tu kuingia barabarani na gari moja kama zamani. Lazima uwe katika chama au kampuni ya usafiri iliyosajiliwa, uwe na bima ya abiria na ukaguzi wake. Kijana hakuwa na lolote katika hayo. Alikuwa na hamu tu.

Siku ya kuamua, Mwalimu alikubali kuuza pikapu. Magoti ya mama hayapandi juu vizuri, kwa hivyo gari dogo ndilo libaki. Tukaomba kuona karatasi za umiliki, ile logibuku. Mwalimu akainama. Haikuwa nyumbani. Alikuwa ameiweka dhamana kwa mkopo wa kijana, na mkewe hakujua. Zilibaki shilingi 210,000 za kulipwa, na riba ilikuwa inapanda.

Hatutaandika yote yaliyosemwa jioni hiyo. Mama hakupiga kelele. Aliuliza tu kama kuna kitu kingine kilichowekwa dhamana, kama shamba, na Mwalimu akaapa kwamba hakuna. Kisha akaomba aonyeshwe hati ya shamba kwa macho yake, na akaonyeshwa.

Pikapu iliuzwa kwa 560,000, kama alivyokadiria. Mkopo ulilipwa wote. Katika zile 350,000 zilizobaki, 84,000 ziliwekwa kando katika akaunti ya chama cha akiba kwa kukodi gari mwaka mzima, saini ya wote wawili. Mtamba alinunuliwa. Mke wa kijana mkubwa, anayeishi boma hilo hilo, alilipiwa shule ya udereva, na ameshapata leseni. Tulipowatembelea mara ya mwisho ndiye aliyetufungulia lango, akirudi na mama kutoka kliniki.

Hatusemi kwamba kila boma lihitaji gari moja. Tunawajua wazee wanaokaa hatua chache kutoka kwenye lami, matatu zinapita kutwa, na wao hawahitaji hata moja. Gari kwao ni kuku wa kufugwa kwa ajili ya wageni. Tunajua pia boma ambalo pikapu ya pili inabeba maziwa ya majirani kila asubuhi, ina daftari lake yenyewe, na inalipa matairi yake bila kugusa pensheni. Hiyo iendelee. Tunalolipinga ni lile gari la tatu lililowekwa juu ya mawe chini ya mwembe, "litatengenezwa," na kuku wanataga ndani yake mwaka wa sita huu. Liuzeni kwa kilo.

Maswali ya kujadiliana katika kikundi

Ni nani kati yetu anatarajia pensheni au malipo makubwa katika miaka mitatu ijayo, na je, mwenzake wa nyumbani anajua ni kiasi gani?

Nyumbani kwako kuna kitu gani kinachosimama siku nyingi kuliko kinavyofanya kazi? Kinakula shilingi ngapi kwa mwaka, pamoja na kushuka kwa bei yake?

Ukiugua usiku wa leo, ni nani atakayekupeleka, kwa chombo gani, na petroli italipwa na nani?

Hati ya shamba na karatasi za gari ziko wapi? Nenda uzitazame kwa macho kabla ya mkutano ujao. Na wenye magari, mje na daftari la siku 28.