Uso wa Udongo: Funzo la Muktadha kwa Mtafiti wa Fasihi Simulizi

Kiswahili kimekipa chombo cha mfinyanzi mwili wa binadamu: mtungi una mdomo, shingo, tumbo na kitako. Sitiari hizi zimezoeleka hata hatuzihisi tena. Wapo wafinyanzi waliokamilisha mwili huo kwa kuutia uso. Makala haya yanalinganisha kazi mbili za aina hiyo ili kuonyesha kuwa maana ya kazi ya sanaa haikai ndani ya kazi yenyewe pekee.

Wamoche waliishi pwani ya kaskazini ya Peru takriban kati ya mwaka 100 na 800. Walifinyanga vyombo vyenye nyuso za watu mahususi, wakitumia kalibu. Kwa kuwa vyombo vilivyosalia ni vingi, wataalamu wamemtambua mtu mmoja mwenye kovu mdomoni, aliyeonyeshwa tangu utotoni hadi utu uzima. Jina lake halijulikani, lakini maisha yake yanafuatika.

Karibu nasi kuna Kichwa cha Luzira. Mwaka 1929, wafungwa waliokuwa wakisawazisha ardhi katika kilima cha Luzira, karibu na Kampala, walifukua vipande vya sanamu ya udongo uliochomwa. Hiki si chombo, bali ni sehemu ya umbo la mtu, na sasa kimehifadhiwa British Museum, London. Kilifukuliwa na sururu za kazi, si na wanaakiolojia, hivyo mazingira yake hayakurekodiwa kikamilifu. Uso tunauona, aliyekusudiwa, na shughuli aliyofinyangiwa, hatumjui wala hatuijui.

Tofauti hii inatuhusu. Chukua methali "Mfinyanzi hulia gaeni". Akiisema fundi kuhusu nafsi yake, huwa ni malalamiko: atengenezaye vyombo vizuri hulia chakula kigaeni. Akiisema jirani, huweza kuwa kejeli kwa anayehudumia wengine na kuisahau nyumba yake. Maneno ni yale yale. Msemaji na tukio ndivyo vinavyoamua.

Kwa hiyo, mwanafunzi anayekusanya methali hapa Pioneer, mjini Eldoret, aandike pia nani alisema, kwa nani, lini na kwa sababu gani. Asipofanya hivyo, atawaachia watakaomfuata vichwa visivyo na viwiliwili.